Mbegu Nilizozitoa Kwenye Begi Lako

Akisa mtoto wangu,

Salamu tuziache. Mimi ni mzima, na wewe ni mzima, nakusikia hapo chumba cha pili ukikunja nguo halafu unazikunjua tena. Ukisoma hii utakuwa umeshafika Limuru, na utakuwa umefungua kile kitambaa cha mama yako ukitafuta mbegu, ukapata karatasi. Usimlaumu kondakta. Usifikirie umeibiwa njiani. Ni mimi. Nimezitoa leo mchana ulipoenda kumuaga Wandera, na mahali pake nimeweka maneno haya.

Najua utakasirika. Kasirika kwanza, halafu endelea kusoma.

Mambo ya kuvaa sweta, na kuogopa watu wa mdomo mtamu, na kutolala na njaa, shangazi yako amekuambia wiki nzima mpaka hata mimi nimeanza kuvaa sweta. Hapo sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia habari ya maua. Najua utacheka, maana tangu uzaliwe hujanisikia nikitaja ua lolote isipokuwa ua la boga.

Na kwa nini naandika, mimi ambaye niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kuniambia? Ni kwa sababu simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, inatoa sauti na tochi, bas. Wandera ana ile kubwa ya kugusa. Wewe ukifika huko utapiga picha maua ya wenyewe utamtumia, naye atakuja pale kwenye michongoma aninyooshee simu: jirani, ona mtoto wetu. Wetu. Hilo neno amelisema leo tena, na mimi nimelimeza kama mwiba wa samaki. Kwa hivyo karatasi ni yangu. Karatasi Wandera hataiona.

Nina wivu, Akisa. Nimeliandika hilo neno kwa mkono wangu, ulione. Watu wa Chakol watakuambia Etyang ni mkaidi, Etyang anajisifu, na hayo ni kweli, sioni ubaya wake. Lakini wivu sijawahi kumwambia mtu. Nimeubeba kama vile nilikuwa nabeba mizigo ya watu, bila kuuliza kilo.

Wewe ulinikuta nimeshapunguza mbio. Hukuniona Malaba wakati baiskeli ndiyo ilikuwa gari. Kuvusha watu kutoka boda hii mpaka boda ile, sisi ndio tulianzisha, hawa vijana wa pikipiki wamekuta jina liko tayari. Nilikuwa napakia mtu, gunia lake la mihogo na kuku wake, napita katikati ya malori yaliyopanga foleni mpaka hujui mwisho wake uko wapi, na shati halilowi. Pale kwenye mwinuko wa kutoka mtoni wenzangu walikuwa wanashuka wanasukuma. Mimi sijawahi kushuka. Uliza mzee yeyote pale.

Mama yako nilimbeba kutoka upande wa Uganda. Alikuwa na beseni la nyanya kichwani, na hakulishika. Nikapiga kengele bila sababu. Nikapita kwenye mashimo makusudi, nione kama atanishika kiuno. Hakushika kiuno, hakushika beseni. Mimi nikaongea njia nzima, nikamweleza nguvu zangu zote na ng'ombe zote za baba yangu. Tulipofika akashuka, akaniambia, "Unaendesha vizuri, lakini unaongea sana." Nilijua hapo hapo nitamwoa.

Alipokuja kuolewa alikuja na sanduku lake, na kwenye ncha ya kitambaa, hiki hiki ulicho nacho sasa, alikuwa amefunga fundo. Ndani kulikuwa na mbegu. Unazijua: bapa, nyembamba, za mviringo, kama vifungo vya shati vilivyochakaa. Shangazi yake alikuwa anawapikia masista huko Tororo, akazitoa kwenye bustani yao. Jina lake la Kizungu ni holihoki. Mimi nililisikia nikasema hilo si jina, huyo ni mtu anakohoa. Mama yako akayaita maua ya ukutani, kwa sababu yanapenda kusimama karibu na ukuta, yapate joto lake na upepo usiyavunje.

Hakuzipanda haraka. Alizihifadhi mpaka ulipozaliwa wewe. Akasema mtoto wa kike akianza kusimama ashike ukuta wenye maua. Akachimba pale kwa ukuta wa jiko, upande wa jua la asubuhi, akapanda nusu, nusu akairudisha kwenye fundo. Mama yako alikuwa mtu wa kubakisha nusu. Mimi si mtu huyo.

Nikangoja maua. Mvua ya masika ikapita, tukavuna wimbi, mvua fupi ikaja, hakuna ua. Majani tu. Mapana, yana vinyweleo, yamekaa chini kama kuku anayelalia mayai. Kila nikiuliza ananiambia huu ni mwaka wa mizizi, maua ni mwaka ujao, ngoja. Mtu wa baiskeli unamwambia ngoja.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako na hukuona vizuri. Ilikuwa Jumapili. Nilileta wazee wenzangu nyumbani, tukaweka chungu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Tukavuta mpaka njaa ikaja. Mimi nikataka waone kwamba kwa Etyang hakukosi kitu. Yale majani nilikuwa nimeshayasugua kwa vidole siku moja, nikaona yanateleza kama mrenda. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hii, mwanamke ameleta mboga ya kwao anaificha kwa jina la maua. Nikachukua kisu nikakata yote, mpaka kwenye kile kitovu cha katikati. Nikamwekea mama yako karai miguuni. Nikamwambia pika na kunde, tia magadi.

Alilitazama lile karai. Halafu akapika.

Akaleta na ugali wa mtama na mihogo. Wazee wakala wakalamba vidole, mmoja akaniomba mbegu. Nikamwambia hii ni mboga ya Uganda, bwana, huwezi kuipata hivi hivi. Mama yako alikaa nasi akala pia, akamaliza sahani yake kabla yetu. Alipoinama kuchukua vyombo akaniambia kwa sauti ya chini, wazee wasisikie, "Baba Akisa, ulikuwa umebakisha mvua moja tu."

Mimi sikatai kwamba ile mboga ilikuwa tamu. Sitasema uongo kwenye barua. Kula majani si kosa, mboga ni mboga. Kosa langu ni kwamba nilitaka sifa siku ile ile, na sifa zenyewe zilikwisha kabla chungu hakijakauka. Wale wazee hakuna aliyekumbuka Jumatatu alikula nini. Mama yako alikumbuka.

Akafungua fundo, akachukua ile nusu iliyobaki, akapita kwenye pengo la michongoma, akaenda kupanda kwa Wandera.

Wakati huo Wandera ndiyo amenunua ile ploti, karani wa kuandika karatasi za malori pale Malaba, Msamia wa Funyula, na shati jeupe kila siku hata wakati wa tope. Mke wake alibaki Funyula kuangalia shamba, yeye anaenda huko mwisho wa mwezi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali na plasta. Yangu ilikuwa ya udongo, lakini nilikandika mwenyewe na haikuwa na ufa. Nikamuuliza mama yako, kwa nini huko? Kuta zimekwisha Chakol?

"Kwake hakuna mbuzi," akasema, "na hakuna mtu wa kula majani."

Basi jioni anachukua jerikani, anapita kwenye pengo, anaenda kumwagilia. Na wewe mgongoni, baadaye kwa miguu yako mwenyewe, unamfuata. Mimi nakaa hapa nanoa panga ambalo halina kazi. Nawasikia wanazungumza, na mara mama yako anacheka. Sikuona ubaya wowote kati yao, na hicho ndicho kilinisumbua, kwa sababu ubaya ningeupiga. Walikuwa wanazungumza juu ya majani. Utampiga mtu vipi kwa kuzungumza juu ya majani?

Mwaka wa pili yakatoka. Marefu kunizidi, na mimi si mfupi. Mengine mekundu kama ulimi wa ndama, mengine ya rangi ya zambarau iliyoiva mpaka karibu nyeusi. Na yanaanza kufunguka chini, yanapanda juu pole pole, kama mtu anayepanda ngazi akiwasha taa kila kidato. Watu wa kutoka kanisani wakawa wanasimama njiani. Nikawasikia wakisema, ona maua ya Wandera. Ya Wandera! Mbegu ya mke wangu, maji ya kisima changu, jembe langu, na mgongo ulioinama ni wa mtu wa kwangu. Cha Wandera hapo kilikuwa ukuta tu.

Nikapanda alizeti. Nikasema kama watu wanataka urefu nitawapa urefu. Zikaota, Akisa, si mchezo, vichwa kama sinia. Watu wakapita, wakasimama na kwangu pia. Wakauliza nitakamua mafuta lini. Halafu ndege wakaja kutoka pande zote mbili za boda, wakamaliza kila kitu, zikabaki shingo zimeinama. Mama yako akaniambia zimekua vizuri, tena alisema kwa moyo safi, na akachukua jerikani akapita kwenye pengo.

Hii inayofuata huijui. Hata Wandera haijui, na ukimwambia nitakana. Siku moja alienda kwao Funyula kwa msiba. Niliingia kwake na jembe, nikachagua mmea mmoja uliochanua kuliko wote, ule mwekundu wa kona, nikaung'oa niulete nyumbani. Nikavuta. Mzizi wake ni mmoja, unashuka moja kwa moja kama karoti, ukatoa sauti, tap, ukabaki nusu kwa Wandera. Nikaupanda hivyo hivyo pale kwa ukuta wa jiko, nikaumwagia ndoo nzima. Kufika saa ya chakula umelala. Mama yako alipokuja hakuuliza umetoka wapi. Alikata yale maua yaliyokuwa bado na nguvu, akayaweka mezani kwa kikombe, akasema tu kwamba huo ukishakuwa mkubwa hauhamishwi, unapandwa pale utakaposimama.

Wandera aliporudi akaona shimo, akasema ni fuko. Akaweka mitego ya fuko msimu mzima. Mimi nilimsaidia kuitega.

Si kwa sababu unahama ndiyo nakuambia habari ya mzizi. Nimeifikiria sana jioni hii, kama mtu naye ni hivyo, na naona sivyo. Mama yako alihama Uganda akiwa mkubwa, akashika hapa kuliko mimi niliyezaliwa hapa. Kwa hivyo kwa mambo ya kuhama sina la kukufundisha, sijawahi kuhama popote. Nilichotaka ujue ni nani aliua ule mmea, kwa sababu ulilia, ulikuwa mdogo, ukamlaani fuko.

Halafu ukakua, na kila ukitafutwa uko kwa Wandera. Yeye ndiye alikuonyesha yale majani ya chini yenye madoa kama kutu, uyatoe mapema uyachome yasiambukize mengine. Mimi ningekuonyesha kukata muhogo usivunjike, lakini muhogo haukuvutii. Ulikuwa unarudi na udongo wa Wandera kwenye magoti. Udongo ni ule ule, michongoma tu iko katikati, lakini mimi nilikuwa nauona una rangi nyingine. Siku moja uliniuliza, "Papa, mbona sisi hatuna maua?" Nikakujibu sisi ni watu wa mihogo. Ulikubali haraka. Ningependa ungebishana kidogo, labda ningekwambia kuhusu lile karai.

Sasa nifike mahali ambapo sitaki kufika.

Siku tuliyomzika mama yako, mazishi yale yanatajwa mpaka leo, na mtu asiseme ni mimi najisifu. Nilichinja fahali. Watu walikuja kutoka Moding, kutoka Tororo, kutoka kila mahali, na hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyekaa juani. Niliwaza turubai, niliwaza sufuria, niliwaza kuni na maji na viti vya wazee. Kila tumbo la Teso nililiwaza. Halafu wakati wa kuweka udongo nikamwona Wandera akipita kwenye lile pengo na mikono imejaa. Alikuwa amekata yote. Hakubakisha hata moja ukutani. Hakuyaweka kaburini yeye, alikupa wewe, na wewe ukayaweka moja moja.

Mimi mume nilisimama pale na mikono mitupu. Maua sikuyawaza. Na yalikuwa ya mama yako, Akisa, alikuja nayo kwangu kwenye fundo.

Tangu siku ile nikimsalimia Wandera nasalimia kwa meno tu. Yeye hajui alifanya nini. Alifanya jambo zuri, kila mtu alisema. Mimi pia nilisema asante. Lakini kuna jambo zuri ambalo mtu mwingine analifanya mahali pako, na hulali tena vizuri. Huko unakoenda utakutana na wivu wa watu, maana una mikono mizuri. Mtu akikuonea wivu usimwogope sana. Mara nyingi kuna kitu alikula mapema.

Hii kazi yako nayo. Habari yake niliisikia ikitoka upande wa pili wa michongoma, kwamba binamu yake Wandera ni msimamizi kwenye kitalu cha maua Limuru na wanataka mtu anayejua kupanda. Ulifurahi ukapiga makofi, mimi niko hapa na muhogo mkononi. Ulikuja kuniambia baadaye, na ulinieleza vizuri kwa heshima, na mimi nikajifanya ndiyo nasikia.

Juzi nikakuona unafunga fundo. Nikauliza hizo ni nini.

"Ni mbegu za kwa Wandera, Papa. Nataka nikazijaribu kule kwenye baridi."

Za kwa Wandera. Ndiyo maana nilizichukua. Ungesema za mama, zingekuwa kwenye begi lako sasa hivi. Sikulaumu. Umeyajua pale kwake tangu ukiwa mdogo, na hakuna aliyekuambia vingine. Aliyepaswa kukuambia alikuwa anapanda alizeti.

Basi leo mchana ulipotoka kwa Wandera na kwenda kusukwa nywele, nilikuwa nimeshafungua mfuko wa pembeni wa begi. Nilitaka kuwapa kuku. Nasema ukweli, nilikuwa nimewaita tayari, wamesimama miguuni wananitazama. Lakini fundo lako, kumbe unafunga kama mama yako, ncha moja unaiingiza chini. Nilikaa kwenye kiti cha jiko na lile fundo muda mrefu. Halafu nikafukuza kuku, nikachukua jembe.

Nimezipanda zote kwa ukuta wa jiko, upande wa jua la asubuhi, pale pale. Mbuzi nimewafunga kule mwisho wa shamba, na nimezungusha miiba ambayo hata mimi imenichoma. Nilikuwa namalizia Wandera akaja kwenye michongoma.

"Mzee Etyang, karanga ukutani?"

"Napanda vya kwangu."

Akatazama. Si mjinga yule, mbegu anazijua. Alitazama jembe, akatazama kitambaa kwenye bega langu. Nilingoja aniulize habari yako ili tugombane vizuri, nimengoja ugomvi huo tangu hujaanza shule. Akasema tu, "Umezika chini sana, jirani. Hizo zinataka udongo kidogo juu, kama unamfunika mtoto na shuka."

Nikamwambia nilianza kupanda kabla yeye hajajua kushika kalamu.

"Sawa, mzee," akasema, akaenda. Hata kunikasirikia amekataa, huyo mtu.

Nikangoja mpaka nikasikia redio yake. Halafu nikapiga magoti nikazifukua moja moja, nikazirudisha juu juu. Hiyo pia usimwambie.

Sasa nafika kwenye neno langu. Najua ukimaliza kusoma unaweza kuchukua simu ukamwambia Wandera akutumie nyingine. Anazo, zimejaa mitungi. Atakutumia kwa gari la kesho yake na hatakuuliza za kwanza zilienda wapi. Mimi siko Limuru, siwezi kukuzuia. Na ukifanya hivyo hakuna kosa, na maua yatatoka mazuri, pengine mazuri kuliko hapa, maana hapa kuna joto na nasikia kule yatapenda baridi.

Lakini nakuomba usimwombe. Unanijua. Sijawahi kumwomba mtu kitu, hata njia ya kupita kwenye foleni ya malori nilikuwa naichukua. Leo naomba. Ngoja za kwangu. Mwaka huu zitakuwa majani, nimeelewa. Mwaka ujao zitachanua, mimi nitasimama hapo njiani watu wakitoka kanisani, nione watasema ni maua ya nani. Halafu zitakauka na nitakusanya. Kitambaa nimekurudishia bila mbegu kwa sababu hiyo. Uje nacho. Nitafunga fundo mimi mwenyewe, hata kama sijui ile ncha inaingia wapi, utanionyesha.

Huko kwenye kitalu utafundishwa mambo mengi, utamzidi Wandera kwa maarifa. Hilo litanifurahisha kuliko inavyofaa.

Kesho Wandera amesema atakupeleka Malaba kwa gari lake. Tumebishana shangazi yako akiwa katikati, na nimekubali begi liende kwa gari. Wewe utakaa nyuma yangu. Magurudumu nimeshayatia upepo, kiti nimekifunga na mto. Tutatoka mapema kwa sababu siku hizi naenda pole pole, si kwa uzee, ni barabara imeharibika. Mwinuko ukitokea sitashuka. Na nimeamua kwamba safari hii sitaongea. Ukisoma hii utajua kama niliweza.

Mkono umechoka, unajua mpini kuliko kalamu. Umezima taa huko kwako, kwa hivyo nami nazima.

Mimi ni Papa yako, Etyang wa baiskeli.

Majani yakitoka sitayala.